Emin Pasha

Emin Pasha (jina la kuzaliwa: Isaak Eduard Schnitzer, Oppeln, Silesia, 28 Machi 1840 – Kinena, Kongo, Oktoba 1892) alikuwa tabibu, mkusanyaji wa mimea na wanyama, na gavana wa jimbo la Equatoria lililokuwa chini ya Misri katika kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda ya leo.

Katika historia ya siasa anajulikana kama gavana aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi, ambaye Henry Morton Stanley alitumwa kumwokoa. Katika elimu ya viumbe anajulikana kwa sampuli nyingi za ndege, mamalia, nyoka na mimea alizozituma Ulaya. Sampuli hizo ziliwasaidia wataalamu kupanga viumbe vya Afrika ya Mashariki na ya Kati katika jenasi na spishi. Baadhi ya viumbe hivyo vina jina lake hadi leo.

Utoto na masomo

Eduard Schnitzer alizaliwa katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia la Ufalme wa Prussia. Mji huo leo unaitwa Opole na uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara. Familia ilihamia mji wa Neisse mtoto alipokuwa na umri wa miaka miwili. Baba alifariki mwaka 1845, mama akaolewa tena na Mkristo, na Eduard akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri.

Tangu utotoni alipenda ndege na mimea. Alisoma tiba katika vyuo vikuu vya Breslau, Königsberg na Berlin, akapata shahada yake mwaka 1864. Hata hivyo hakukamilisha taratibu za mtihani wa serikali kwa wakati, na hivyo hakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari katika nchi yake. Jambo hilo lilibadilisha maisha yake yote. Aliondoka kwenda kutafuta kazi katika Dola la Osmani, yaani dola la Waturuki.

Miaka ya masomo yake ilikuwa miaka ya mabadiliko makubwa katika elimu ya viumbe. Mnamo 1838 na 1839 Matthias Schleiden na Theodor Schwann walikuwa wameeleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Berlin alichapisha mafundisho yake kwamba kila seli hutokana na seli nyingine iliyotangulia. Mwaka uliofuata, Schnitzer akiwa kijana wa miaka 19, Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Kwa hiyo kizazi chake kilifundishwa kutazama viumbe kwa namna mbili: kutoka ndani, kwa hadubini, na kutoka nje, kwa kulinganisha maumbile ya spishi mbalimbali na mahali zinapoishi. Yeye alifuata njia ya pili.

Utumishi katika Dola la Osmani

Mwishoni mwa mwaka 1864 alifika Antivari, bandari ya Bahari ya Adria ambayo leo ni mji wa Bar nchini Montenegro. Huko alifanya kazi ya utabibu, kisha akawa afisa wa karantini wa bandari. Alikuwa na kipaji kikubwa cha lugha, akajifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki, na baadaye Kiarabu.

Tangu mwaka 1870 alimtumikia Ismail Hakki Pasha, gavana wa Albania ya kaskazini. Baada ya gavana huyo kufariki, Schnitzer alirudi Neisse mwaka 1875 akiwa pamoja na mjane wa gavana na watoto wake, akiwatambulisha kama familia yake mwenyewe. Katika Septemba mwaka uleule aliondoka ghafla na kuwaacha kwa ndugu zake. Waandishi wa maisha yake wamekitaja kitendo hicho kama doa lisilofutika katika tabia yake. Alienda Cairo, na kutoka huko akapanda Mto Nile hadi Khartoum, alikofika Desemba 1875.

Khartoum alianza kutumia jina la Mehemed Emin na kuishi kama Mwislamu. Neno Emin lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa maneno ya Kiswahili amini, amana na mwaminifu.

Kuingia Equatoria

Wakati huo Charles Gordon, Mwingereza aliyetumikia serikali ya Misri, alikuwa gavana wa Equatoria. Aliposikia habari za daktari mjuzi wa lugha aliye Khartoum, alimwita. Mnamo Mei 1876 Emin alifika Lado, makao makuu ya jimbo kando ya Nile, akawa mganga mkuu.

Gordon alimtumia pia kama mjumbe. Emin alisafiri mara mbili kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa I, na mwaka 1877 alikwenda Bunyoro kwa Mukama Kabalega. Kwa kuwa alijua lugha na alikuwa mpole katika mazungumzo, alisikilizwa na watawala hao hata pale ambapo Misri haikupendwa. Katika safari hizo aliandika kila kitu: hali ya hewa, njia, masoko, magonjwa, vyakula, maneno ya lugha, na viumbe aliokutana nao.

Gavana

Mwaka 1878 Emin aliteuliwa kuwa gavana wa Equatoria, akapewa cheo cha bey. Baadaye alipandishwa kuwa pasha. Jimbo lilikuwa kubwa na maskini, lenye vituo vilivyotawanyika kando ya Nile na askari ambao baadhi yao waliishi kwa kuwanyang'anya wenyeji. Emin alijitahidi kupunguza biashara ya watumwa, aliwafukuza baadhi ya maofisa wakorofi, na alihimiza kilimo. Katika miaka michache hesabu za jimbo zilianza kuonyesha faida badala ya hasara, ingawa faida hiyo ilitegemea zaidi pembe za ndovu.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye macho mabovu. Hakuweza kuona mbali bila miwani, na ili kuchunguza kitu kidogo ilimbidi akiweke karibu kabisa na jicho. Hata hivyo alifanya kazi ya ugavana, utabibu na ukusanyaji wa viumbe kwa wakati mmoja.

Alimwoa mwanamke Mhabeshi aliyeitwa Safaran, wakapata binti, Ferida. Mama huyo alifariki binti akiwa bado mdogo sana.

Mkusanyaji wa viumbe

Kukusanya viumbe kwa ajili ya sayansi ni kazi inayodai utaratibu. Ndege akishapatikana huchunwa ngozi kwa uangalifu ili manyoya yasiharibike, ngozi hukaushwa na kutiwa dawa isiliwe na wadudu, kisha hufungwa kibandiko. Juu ya kibandiko huandikwa mahali na tarehe ya kupatikana, jinsia, vipimo, na rangi ya macho na miguu, kwa sababu rangi hizo hupotea baada ya mnyama kufa. Ngozi isiyo na kibandiko haina faida kubwa kwa mtaalamu. Thamani ya makusanyo ya Emin ilitokana kwa sehemu kubwa na usahihi wa vibandiko vyake.

Sampuli zilisafirishwa kwa mashua hadi Khartoum na Cairo, na baada ya njia ya Nile kufungwa, kwa wapagazi hadi pwani. Zilipelekwa katika makumbusho ya Bremen, Vienna, Berlin na London. Ndege wake wengi walielezwa na Gustav Hartlaub wa Bremen, na mamalia na Oldfield Thomas wa London.

Kazi hii haikufanywa na mtu mmoja. Wawindaji, wapagazi na watoto wa vijijini ndio waliowaleta wanyama wengi, na wenyeji ndio waliojua ni ndege gani hujenga wapi na panya gani huonekana baada ya mvua. Kila lugha ya eneo hilo ilikuwa na majina yake ya viumbe na namna yake ya kuvigawa makundi. Jina la kisayansi lilipotolewa Ulaya lilimtaja gavana, na watu hao wengine kwa kawaida hawakutajwa.

Kuna pia upande mwingine wa ukusanyaji huo. Kama wataalamu wengi wa karne ya 19, Emin alikusanya hata mifupa ya watu. Alituma London mifupa ya watu wawili wa kabila la Akka, ambao ni Wambilikimo wa misitu ya Kongo, na William Henry Flower akaichapishia maelezo mwaka 1888. Wakati huo wataalamu wengi waliwapanga binadamu kwa daraja za juu na za chini, kana kwamba ni spishi mbalimbali. Biolojia ya leo imeukataa mpango huo: binadamu wote ni spishi moja, Homo sapiens, na tofauti za kimo, rangi na nywele ni tofauti ndogo ndani ya spishi hiyohiyo.

Nafasi ya kazi yake katika mpangilio wa viumbe hai

Mwanafunzi wa biolojia hujifunza mpangilio wa uhai kwa ngazi. Seli hufanya tishu, tishu hufanya ogani, ogani hufanya mifumo ya mwili, na mifumo yote pamoja hufanya kiumbe kizima. Viumbe wa spishi moja wanaoishi mahali pamoja hufanya kundi, makundi ya spishi mbalimbali hufanya jamii ya viumbe, na jamii hiyo pamoja na udongo, maji na hewa hufanya mfumo wa ekolojia. Mkusanyaji kama Emin alifanya kazi kuanzia ngazi ya kiumbe kizima kwenda juu.

Ili aina hizo nyingi zieleweke, hupangwa katika vikundi vilivyomo kimoja ndani ya kingine. Utaratibu wa kutaja kila spishi kwa majina mawili, la jenasi na la spishi, uliimarishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi katika karne ya 18. Mfano mzuri ni jurawa mdogo mwenye rangi ya hudhurungi ambaye Emin alimpeleka kwa Hartlaub. Nafasi yake ni hii:

Himaya: Animalia (wanyama)
Faila: Chordata (wanyama wenye ugwe wa neva mgongoni)
Ngeli: Aves (ndege)
Oda: Passeriformes (ndege kama jurawa)
Familia: Passeridae (jurawa na ndugu zao)
Jenasi: Passer
Spishi: Passer eminibey

Hartlaub alimpa jina hilo mwaka 1880, na neno eminibey linahifadhi cheo cha bey alichokuwa nacho Emin wakati ule. Mwanzoni Hartlaub alimweka katika jenasi ya peke yake, Sorella. Baadaye wataalamu waliona kwamba anafanana mno na jurawa wengine, wakamhamishia Passer. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida. Mpangilio wa viumbe ni maelezo ya undugu wao kadiri unavyojulikana, na maelezo hayo husahihishwa ushahidi mpya unapopatikana.

Ushahidi huo mpya siku hizi hutoka ndani ya seli. Katika kiini cha seli kuna DNA, inayobeba maelekezo ya kurithi. Wataalamu huweza kutoa DNA katika kipande kidogo cha ngozi au cha pedi ya mguu wa ndege aliyekaushwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na kuilinganisha na ya ndege walio hai. Kwa hiyo ngozi za karne ya 19, zilizokusanywa ili watu watazame manyoya na midomo, zimekuwa pia hazina ya uchunguzi ambao wakusanyaji wake hawakuwahi kuuwazia.

Vita vya Mahdi

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi na kuanzisha vita dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan. Mwaka 1884 jimbo jirani la Bahr el Ghazal lilijisalimisha, na tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ilitekwa na Gordon akauawa. Equatoria ikabaki peke yake, bila meli kutoka kaskazini, bila mishahara wala risasi mpya.

Emin aliyahamisha makao yake kusini hadi Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Pamoja naye walikuwepo Gaetano Casati kutoka Italia na, kwa muda, Wilhelm Junker, msafiri mzaliwa wa Urusi. Mwaka 1886 Junker alifaulu kutoka kwa njia ya Buganda hadi Zanzibar akiwa na barua za Emin. Barua hizo zilieleza hali ya jimbo, na magazeti ya Ulaya yakaanza kumtaja gavana aliyezingirwa.

Katika miaka hiyo ya kuzingirwa Emin hakuacha ukusanyaji. Aliendelea kupima mvua, kuchuna ndege na kuandika vibandiko.

Msafara wa Stanley

Kamati iliyoongozwa na William Mackinnon, mfanyabiashara Mskoti, iligharimia msafara wa kumwokoa Emin na kumpa uongozi Henry Morton Stanley. Nia haikuwa huruma peke yake. Mackinnon alitafuta nafasi ya biashara katika Afrika ya Mashariki, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka Equatoria iungane na Dola Huru ya Kongo, na shehena ya pembe za ndovu iliyosemekana kuwa mikononi mwa Emin iliwavutia wengi.

Stanley aliandikisha watu zaidi ya 600 Zanzibar, akazunguka kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, na kuanza safari ya bara mwaka 1887. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliahidi kutoa wapagazi wa nyongeza. Njia ilipita katika msitu wa Ituri, ambako njaa, maradhi na mapigano viliua watu wengi. Chini ya nusu ya wale Wazanzibari walirudi kwao.

Emin na Stanley walikutana kando ya Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888. Waliokuja kuokoa walikuwa wamechakaa na wenye njaa, na gavana ndiye aliyewapa chakula na nguo. Emin hakuwa na hakika kama anataka kuondoka. Askari wake wengi walikuwa na wake, watoto na mashamba huko, na hawakuamini kwamba njia ya kwenda Misri inapita pwani ya Zanzibar. Mnamo Agosti 1888 baadhi yao waliasi, wakamkamata Emin pamoja na Jephson, afisa wa Stanley, na kuwafunga Dufile. Waliachiwa miezi michache baadaye, lakini mamlaka ya gavana yalikuwa yamekwisha.

Kupitia Usukuma hadi Bagamoyo

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara uliondoka kuelekea pwani ukiwa na watu wapatao 1,500, wakiwemo askari, makarani, wanawake na watoto. Ferida alibebwa na wapagazi. Walipita bonde la Semliki chini ya milima ya Ruwenzori, kisha Ankole na Karagwe, hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, walikopumzika katika kituo cha mmisionari Alexander Mackay huko Usambiro.

Septemba 1889 walivuka sehemu ya Usukuma, nchi ambayo leo imegawanyika katika mikoa ya Mwanza, Simiyu, Shinyanga na Geita. Msafara mkubwa wenye silaha ulihitaji maji na chakula kila siku, na wenyeji waliuona kuwa hatari. Mapigano yalitokea kwa siku kadhaa, na Wasukuma wengi waliuawa kwa bunduki za msafara. Katika vitabu vya Ulaya tukio hili limepewa nafasi ndogo.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Wengi kati ya waliotoka Equatoria walikuwa wamekufa au kuachwa njiani. Usiku uleule Wajerumani walifanya karamu kwa heshima yao. Emin, kwa uoni wake hafifu, alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya kichwani. Alilazwa kwa wiki nyingi. Stanley aliendelea na safari, na wawili hao hawakuwa marafiki tena.

Utumishi wa Wajerumani

Badala ya kurudi Ulaya, Emin aliingia katika utumishi wa Ujerumani. Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo kurudi bara pamoja na mtaalamu wa wanyama Franz Stuhlmann. Huko Tabora alifanya mapatano na Waarabu na kupandisha bendera ya Ujerumani, na Novemba 1890 alianzisha boma la Bukoba.

Wakati akiwa njiani, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umeiweka Uganda upande wa Waingereza. Emin hata hivyo aliendelea kuelekea kaskazini-magharibi mwaka 1891, kwa matumaini ya kukutana na watu wake wa zamani wa Equatoria. Njiani Stuhlmann alipanda sehemu ya milima ya Ruwenzori na kueleza jinsi mimea inavyobadilika kwa ngazi kadiri mtu anavyopanda, kutoka msitu hadi mianzi na hadi mimea mikubwa ya baridi karibu na theluji.

Ndui ilizuka katika msafara. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann arudi Bukoba na watu wenye afya pamoja na makusanyo, naye akabaki na wagonjwa. Uamuzi huo uliokoa watu wengi na sampuli. Kwa Emin, aliyekuwa karibu kipofu, ulimfungia njia ya kurudi.

Kifo

Mwaka 1892 Emin alielekea magharibi katika misitu ya Kongo na kikundi kidogo. Wakati huo vita vilikuwa vimeanza kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa eneo hilo, na Mzungu yeyote alitiliwa shaka. Zaidi ya hayo, Emin alikuwa amejulikana kama adui wa biashara ya watumwa. Mnamo tarehe 23 Oktoba 1892 hivi, huko Kinena, aliuawa kwa kuchinjwa mezani pake, kwa amri ya mfanyabiashara aliyejulikana kama Kibonge. Baadaye maofisa wa Dola Huru ya Kongo waliwakamata Kibonge na wauaji na kuwahukumu kifo.

Shajara zake zilipatikana. Stuhlmann alizihariri na kuzichapisha katika majuzuu kadhaa kuanzia mwaka 1916. Ferida alilelewa Ujerumani na Melanie, dada yake Emin.

Viumbe vyenye jina lake

Passer eminibey, aliyetajwa hapo juu, ni jurawa mdogo kuliko wote wa jenasi yake. Anaishi katika savana kavu kutoka Sudan na Ethiopia kupitia Kenya na Uganda hadi kaskazini mwa Tanzania. Mara nyingi hajengi kiota chake bali hunyang'anya kiota cha kwera.

Cricetomys emini ni panya buku wa misituni, aliyepewa jina mwaka 1910. Buku wa jenasi hiyohiyo, lakini wa spishi nyingine, hufundishwa mjini Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu.

Taterillus emini ni mnyama mgugunaji wa nchi kavu, aliyeelezwa na Oldfield Thomas mwaka 1892. Leptotyphlops emini ni nyoka mwembamba sana anayeishi chini ya udongo na kula mchwa na siafu. Alielezwa na George Boulenger mwaka 1890.

Maesopsis eminii ni mti mrefu unaokua haraka, ambao Waganda huuita musizi. Adolf Engler wa Berlin aliupa jina mwaka 1895. Kwa asili unapatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati hadi eneo la magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, penye taasisi ya utafiti ambayo Stuhlmann aliwahi kuiongoza. Kutoka hapo mti ulienea msituni, kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Leo unahesabiwa kuwa mti vamizi unaozisonga spishi za Usambara zisizopatikana penginepo duniani. Kwake Bukoba ni mti wa kawaida wa msitu. Amani ni tatizo. Ni mfano wa wazi kwamba spishi haieleweki kwa umbo lake tu, bila kujua mahali pake katika mfumo wa ekolojia.

Tathmini

Emin Pasha hakufaulu katika mengi aliyoyajaribu. Jimbo lake lilipotea, watu aliotoka nao walitawanyika, na mipango ya mwisho aliyoifuata ilikuwa imebatilishwa na mkataba kabla hajaitimiza. Alipinga biashara ya watumwa, lakini alitumikia dola mbili zilizotwaa nchi za wengine. Aliwaacha waliomtegemea huko Neisse, na miaka 16 baadaye akakataa kuwaacha wagonjwa wa ndui.

Kilichodumu zaidi ni makusanyo yake. Wakati wa uhai wake sehemu kubwa ya viumbe wa eneo la Nile ya Juu na Maziwa Makuu haikuwa imeandikwa katika vitabu vya sayansi. Kila ngozi iliyofungwa kibandiko chenye mahali na tarehe ni ushahidi wa kile kilichokuwa kikiishi pale kabla misitu haijafyekwa na savana kulimwa. Watafiti wanaotaka kujua spishi gani imepungua, imehama au imetoweka hulazimika kuanza na ushahidi wa aina hiyo.